Mfereji wa Cnut: sepetu ilichimba, wino ukarefusha

Habari yote ya mfereji huu imo katika sentensi moja. Mwaka 1016, zinasema Kumbukumbu za Waanglo-Saksoni, maandishi ya kale ya matukio ya Uingereza mwaka kwa mwaka, vyombo vya Wadenmaki wakiongozwa na Cnut, kijana aliyeutaka ufalme wa Uingereza, vilifika Greenwich siku za sala zinazotangulia sikukuu ya Kupaa, na muda mfupi baadaye vikapanda mto hadi London. Wakachimba handaki kubwa upande wa kusini, wakaviburuta vyombo vyao mpaka magharibi ya daraja. Kisha wakauzungushia mji handaki kwa nje, mtu asiweze kuingia wala kutoka. Wakaushambulia mara nyingi, lakini wenyeji wakasimama imara.

Basi. Urefu haukutajwa. Wala kina, wala upana, wala idadi ya waliochimba, wala siku walizotumia. Hata hivyo, ukipekua historia za London zilizoandikwa kuanzia karne ya 18, utaukuta mfereji huo una mwanzo, una mwisho, una kona na una maili. Nani aliupima?

Mimi naona hapa pana mifereji miwili. Mmoja ni mfupi, wa tope, uliochimbwa na watu wenye haraka. Mwingine ni mrefu na wa fahari, uliochimbwa na waandishi miaka mia saba baadaye wakiwa wamekaa vitini. Huu wa pili ndio uliopata jina, na kwa kuutazama sana tumeacha kuuliza ule wa kwanza ulifanya kazi gani.

Tuanze na daraja, maana pasipo daraja hapana haja ya kuzunguka.

London ya wakati huo ilikaa ng'ambo ya kaskazini ya mto Thames, ndani ya kuta za Warumi ambazo mfalme Alfred alizitia uhai mpya mwishoni mwa karne ya 9. Ng'ambo ya kusini palikuwa na Southwark, jina ambalo maana yake ni ngome ya kusini. Katikati, daraja la mbao. Lile la mawe ambalo wengi hulifikiria wakisikia habari za London ya kale lilianza kujengwa 1176 likamalizika 1209, Cnut hakuliona. La zama zake tunalijua kwa magogo: waakiolojia waliochimba Fennings Wharf, upande wa Southwark, walipata mapande makubwa ya mbao za miti iliyokatwa kati ya mwaka 987 na 1032.

Daraja la namna hiyo lilivusha watu na ng'ombe, na papo hapo lilikuwa komeo la mto. Nguzo zimekaribiana, juu wamesimama watu wenye mawe na mikuki, nyuma yao ngome huku na huku. Chombo kinachopita chini kinapunguza mwendo, mlingoti umelazwa, wavuta makasia wamekunja mikono kwa sababu ya nguzo. Hapo ndipo jiwe linapodondoshwa.

Waingereza walilijua somo hili zamani. Mwaka 895 Wadenmaki walijenga boma kando ya mto Lea, maili ishirini hivi kutoka London. Alfred akaukagua mto, akaona mahali panapozibika, akaanza kujenga ngome mbili, moja kila ukingo. Wadenmaki walipoona hawatatoka tena, waliviacha vyombo vyao wakaondoka kwa miguu. Watu wa London wakaenda kuvichukua, na visivyochukulika wakavivunja.

Wadenmaki nao walikuwa na jibu lao. Mwaka 885 Waviking walifika Paris wakakuta madaraja yameufunga mto Seine. Wakauzingira mji kwa miezi mingi. Mfalme Charles, aliyebandikwa jina la Mnene, akaishia kuwalipa pauni 700 za fedha na kuwaacha waende Burgundy. Lakini wenyeji wa Paris, waliokuwa wamemwaga damu wakati mfalme akisuasua, wakakataa kuwapisha chini ya madaraja yao. Wale wakavitoa vyombo majini, wakaviburuta nchi kavu wakaupita mji, wakavishua tena juu ya mto. Kwa hiyo Cnut, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyepigwa na komeo la London mwaka 1016, hakuvumbua kitu. Alifanya waliyoyafanya babu zake, akaongeza sepetu.

(Kuna hadithi nyingine ya daraja hilihili. Snorri Sturluson wa Aisilandi anasimulia jinsi Olaf, aliyekuja kuwa mfalme wa Norwei na baadaye mtakatifu, alivyofunga kamba kwenye nguzo za daraja na kuamuru wapiga makasia wavute mpaka likaanguka, miaka michache kabla ya mambo ya Cnut. Snorri aliandika karne mbili baadaye. Huenda ni kweli. Lakini mwaka 1016 daraja lilikuwa limesimama na limefunga njia, kwa hiyo ama lilijengwa upya haraka sana ama lilianguka zaidi katika shairi kuliko mtoni.)

Sasa turudi kwenye sentensi yetu, kwenye kitendo chenyewe. Mwandishi angeweza kusema walipiga makasia kupitia handaki. Angeweza kusema walipita, walisafiri, walielea. Alisema waliburuta. Mtawa Mwingereza aliyeandika kwa Kilatini huko Worcester karne iliyofuata alisema vivyo hivyo: shimo kubwa lilichimbwa, vyombo vikakokotwa. Na aliyeandika kwanza si mtu wa kupuuzwa. Wataalamu wa maandishi hayo wanaona kwamba habari za utawala wa Æthelred, mfalme wa Uingereza wa zama hizo, ziliandikwa na mkono mmoja baada ya vita kwisha, na kwamba mtu huyo ama aliishi London ama aliipenda sana London. Ana ulimi mkali, hasa kwa wakubwa wa upande wake mwenyewe. Mtu wa aina hiyo akikwambia adui aliburuta, usimtilie maneno mengine kinywani.

Neno lake la handaki nalo lina jambo. Ni dic, neno la kawaida kabisa kwa shimo refu, na hata kwa tuta linalotokana na udongo wa shimo hilo. Analitumia kwa kazi ya kusini, na dakika hiyohiyo analigeuza kitenzi kwa handaki la kuuzingira mji. Kwake yeye ni kazi ya aina moja, iliyofanywa mara mbili. Hakutafuta neno la pekee kwa sababu hakuona kitu cha pekee.

Handaki la kuburutia vyombo linahitaji nini? Hapa vyombo vilivyofukuliwa vinatusaidia. Katika ghuba ya Roskilde, Denmaki, mwaka 1962 viliinuliwa vyombo vitano vya karne ya 11. Kimoja kidogo cha vita, kilichojengwa miaka kama kumi na mitano hivi baada ya habari zetu, kina urefu wa mita 17 na kidogo, upana wa mita 2.5, na kinazama sentimita 60 tu majini. Kingine kikubwa, kilichojengwa Dublin 1042, kina urefu wa karibu mita 30, upana wa mita 3.8, nacho kinazama kama mita moja. Ukiwa na mtaro wenye upana wa mita tano na maji ya kufika kiunoni, hata kile kikubwa kinapita, kikivutwa kwa kamba na watu waliotanda kingo zote mbili. Kile kidogo kinahitaji maji ya magotini na lugha chafu.

Halafu kuna maji yenyewe. Aliyekulia pwani hahitaji kufundishwa hapa. Chombo hushuliwa maji yakijaa. Anayeshua maji yamekupwa anatafuta kuvunja mgongo. Thames pale London hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kama bahari. Leo, siku za bamvua, maji hupanda karibu mita saba kwenye Daraja la London. Karne ya 11 hayakupanda hivyo, maana mto ulikuwa mpana na kingo zake hazijabanwa kwa mawe, lakini yalipanda. Mchimbaji anayefuata kalenda ya mwezi hana haja ya kuchimba mfereji wenye maji wakati wote. Anachimba mtaro ambao bamvua litaujaza kwa saa chache, anaacha kizuizi cha udongo mdomoni, na siku ikifika anakibomoa.

Inachekesha kwamba mtu huyu ndiye anayekumbukwa duniani kwa kisa cha kukaa kitini ufukweni na kuyaamuru maji yasipande. Kisa hicho kimeandikwa na Henry wa Huntingdon karne ya 12, na ndani yake Cnut anayaamuru maji makusudi ili kuwaonyesha watu kwamba uwezo wa wafalme ni bure mbele ya Mungu. Wengi wamekigeuza wakamfanya mpumbavu. Jeshi lililochimba mbele ya Southwark lilijua vizuri sana maji yanapanda saa ngapi.

Nayo ardhi ya Southwark ilikuwa nusu imeshachimbwa na Mungu. Usiifikirie kama ukingo mkavu ulionyooka. Ilikuwa visiwa vya changarawe katikati ya kinamasi, na kati ya kisiwa na kisiwa vilipita vijito vilivyojaa na kupwa pamoja na mto. Majina bado yanasema: Bermondsey ni kisiwa cha mtu aliyeitwa Beornmund. Chini ya hospitali ya Guy's, mwaka 1958, ilipatikana mashua ya zama za Warumi, imekaa ndani ya kijito cha kale, mahali ambapo leo mgonjwa anafika kwa basi. Kufikia wakati wa Cnut baadhi ya vijito vilikuwa vimejaa tope, lakini bonde ni bonde, na udongo laini haumchoshi mtu kama mwamba.

Kitu kimoja tu kilikuwa kigumu: barabara. Kutoka mguuni pa daraja kwenda kusini Warumi walikuwa wamepandisha njia juu ya tuta, ikaruka kinamasi kutoka kisiwa hadi kisiwa. Ndiyo Borough High Street ya leo. Chombo kinachotoka mashariki kwenda magharibi kwa njia ya vijito, popote kinapopita, lazima kiikate barabara hiyo. Mimi nasoma handaki la 1016 kuanzia hapo. Nadhani kazi kubwa ya wachimbaji ilikuwa kuikata barabara kusini ya ngome, kisha kuunganisha na kupanua njia za maji zilizokuwapo kila upande. Na kuikata barabara kulileta faida ya pili ambayo wasimulizi hawaitaji: ngome ya Southwark ilitengwa na Surrey yote, jimbo lililo kusini yake. Hakuna gunia la nafaka wala kikosi cha msaada kingeingia kutoka kusini. Yule aliyechimba ili kupitisha vyombo alikuwa ameshaanza kuuzingira mji.

Tupige hesabu, na hesabu hii ni yangu, mtu asiipeleke darasani. Orodha ya ngome za Kiingereza ya mwanzoni mwa karne ya 10 inaipa ngome ya watu wa Surrey, ambayo ni Southwark, watu 1,800 wa kuilinda. Kwa kipimo cha orodha hiyohiyo, watu wanne kwa kila mita tano, ukuta wake ulikuwa kama kilomita mbili na robo. Tuseme handaki la kuuzunguka lilikuwa kilomita mbili, upana mita tano, kina mita moja na nusu. Ni mita za ujazo 15,000 za udongo. Mtu mmoja mwenye nguvu akitoa mita mbili kwa siku, watu elfu wanamaliza kwa wiki moja, na kama vijito vimewafanyia nusu ya kazi, siku nne. Ndiyo maana mwandishi wetu haonyeshi kushangaa. Hakusema "kazi kubwa ya ajabu". Alisema handaki kubwa, akaendelea.

Na watu elfu walikuwapo. Nakala moja ya Kumbukumbu inataja vyombo 160. Askofu Thietmar wa Merseburg, Ujerumani, aliyefariki 1018, anataja 340, kila kimoja na watu 80. Zidisha, utapata watu 27,200, ambao wangehitaji kula kila siku katika mashamba ya Kent. Siwezi kulimeza hilo. Lakini hata robo yake inatosha kuchimba, kulinda wanaochimba na kwenda kuiba ng'ombe.

Hapa ndipo anapoingia William Maitland. Katika historia yake ya London ya mwaka 1739 alitangaza kwamba ameifuata njia ya mfereji wa Cnut kwa miguu yake. Unaanzia Rotherhithe, mashariki kabisa, unaingia ndani, unapita Newington, unaambaa Kennington, unarudi mtoni karibu na Chelsea. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita sita. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa mafungu ya fito za miti yaliyobanwa kwa vigingi, ambayo mafundi waliyakuta walipochimba gati kubwa la Rotherhithe mwishoni mwa karne ya 17. Alikuwa mtu wa bidii. Alitembea, aliuliza wazee, aliangalia mashimo. Simcheki.

Lakini fito na vigingi ni vitu ambavyo wakulima wa kinamasi cha Thames walivitumia karne baada ya karne kuzuia mafuriko yasile mashamba. Havina saini ya Mdenmaki. Na hebu turudishe ile hesabu: kilomita sita kwa kipimo kilekile ni mita za ujazo 45,000, zaidi ya wiki tatu za kazi kwa watu elfu. Vyombo vilifika Greenwich tarehe 7 hadi 9 Mei au karibu na hapo. Baada ya mfereji walipaswa kulichimba handaki la pili, kuzizunguka kuta za upande wa nchi kavu zenye kama kilomita tatu. Na katikati ya kiangazi hichohicho, kabla na baada ya tarehe 24 Juni, jeshi lao lilikuwa limeshapigana vita viwili mbali magharibi, Penselwood na Sherston. Muda hauenei. Tena, kwa nini uzunguke kilomita sita wakati kitu unachokikwepa ni mguu wa daraja na ngome moja? Hata kama unaogopa mishale, mshale hauruki hadi Kennington.

Nadhani Maitland aliona mfereji mrefu kwa sababu alikuwa mtu wa karne ya mifereji na magati. Alipofikiri juu ya chombo, alifikiri juu ya merikebu yenye shehena. Wenzake wa karne ya 19 walianza kumrekebisha, wakafupisha, wakaleta nusu duara ndogo kuzunguka kichwa cha daraja. Mpaka leo, pamoja na uchimbaji mwingi uliofanywa Southwark, hakuna mtaro uliothibitishwa kuwa ndio wenyewe. Hilo halinishangazi. Shimo la wiki moja katika tope linalojaa na kupwa halikai miaka elfu likisubiri wageni.

Hata mto Lea uliongezewa mifereji kwa kalamu. Kumbukumbu za mwaka 895 zinasema Alfred alijenga ngome mbili. Henry wa Huntingdon, yuleyule wa kisa cha kiti na maji, alipoisimulia habari hiyo zaidi ya miaka mia mbili baadaye, Alfred alikuwa ameugawa mto katika mikondo mitatu. Ngome zimekuwa mifereji. Wasimulizi hupenda maji yaliyohamishwa; ngome mbili za udongo hazina mvuto.

Mtu anaweza kuniuliza: mbona unawadharau Wadenmaki, je, hawakuweza kuchimba? Waliweza sana. Katika kisiwa cha Samsø, Denmaki, kuna mfereji wa Kanhave, ambao mbao zake zinaonyesha ulijengwa mwaka 726. Una urefu wa kama nusu kilomita na upana wa mita 11, kuta zake zilishikiliwa kwa mbao, na ulipitisha vyombo vinavyozama zaidi ya mita moja. Huo ni mfereji kweli, na ni mkongwe kuliko Cnut kwa karibu miaka mia tatu. Lakini uutazame vizuri: nusu kilomita tu, katika ardhi ya kwao, kwa amri ya mtawala ambaye hakuna aliyekuwa akimtupia mawe. Ukitaka kuona kinachotokea mtawala anapotaka kilomita tatu, nenda Bavaria, mahali ambapo Charlemagne alijaribu mwaka 793 kuunganisha mto Altmühl na Rezat. Mvua ilinyesha, udongo wa kinamasi ukawa unarudi usiku ulikotolewa mchana, na habari za wakati ule zinasema kazi ikaharibika. Yule alikuwa bwana wa nusu ya Ulaya, ana wakati wote anaoutaka.

Kwa hiyo mfereji wa London tuuache uwe mfupi. Sultani Mehmed wa Pili alishusha makumi ya merikebu katika Pembe ya Dhahabu, bandari ya Konstantinopoli, mwezi Aprili 1453, kwa njia ya magogo yaliyopakwa mafuta, na hakuna anayeiita njia ile mfereji. Inatosha kwamba vyombo vilipita.

Vilipita kweli, na swali ambalo wapenda mifereji hawaliulizi ni: halafu? Vyombo vikiwa pande zote mbili za daraja, mto wote ukawa wa Cnut. Chakula kilichokuwa kikishuka kwa maji kutoka juu, nafaka na kuni za bonde zima la Thames, kikakatika. Handaki la pili likafunga milango ya nchi kavu. Kwenye karatasi London ilikuwa imekwisha.

Lakini mfalme hakuwamo. Æthelred, ambaye jina lake lina maana ya shauri jema na ambaye watu wa baadaye walimdhihaki kwa kumwita asiye na shauri, alikuwa amefariki London tarehe 23 Aprili. Wazee wa baraza waliokuwamo mjini pamoja na wenyeji wakamchagua mwanawe Edmund, aliyeitwa Ubavu wa Chuma. Naye akatoka kwenda Wessex, kusini-magharibi mwa nchi, kabla pete haijafungwa. Hapo handaki zima lilipoteza nusu ya maana yake. Waliuzingira mji ambao ufunguo wake ulikuwa unatembea nje kwa farasi, unakusanya jeshi.

Edmund akapigana Penselwood, akapigana Sherston, akakusanya jeshi mara ya tatu, akashuka London kwa upande wa kaskazini, akawafukuza Wadenmaki hadi vyomboni mwao. Siku mbili baadaye akavuka mto pale Brentford na kuwapiga tena, ingawa mwandishi wetu hakosi kutuchoma kidogo: Waingereza wengi walikufa maji kwa uzembe wao, walitangulia jeshi wakikimbilia nyara. Edmund alipogeuza mgongo kwenda kutafuta watu zaidi, Wadenmaki wakarudi, wakaupiga mji kwa maji na kwa nchi kavu. Hawakuupata. Mwandishi anamshukuru Mungu, na kutokana na anayoyasimulia sioni wa kumshukuru mwingine zaidi ya wenyeji wenyewe na zile kuta.

Kilichoamua mambo kilitokea mbali na mto. Tarehe 18 Oktoba, mahali panapoitwa Assandun, Eadric wa Mercia, mkubwa aliyekuwa upande wa Edmund, alikimbia na watu wake katikati ya vita, Edmund akashindwa. Wafalme wawili wakakutana kwenye kisiwa cha mto Severn karibu na Deerhurst, wakagawana nchi. London ikaangukia upande wa Cnut, na watu wake wakafanya walilolikataa kiangazi kizima: wakakaa chini na jeshi, wakanunua amani. Kumbukumbu zinasema Wadenmaki wakavileta vyombo vyao London, wakapiga kambi ya majira ya baridi humo.

Edmund akafariki tarehe 30 Novemba, Cnut akawa mfalme wa nchi nzima. Mwaka 1018 ilitozwa kodi ya kulilipa jeshi: pauni 72,000 kutoka Uingereza yote, na London peke yake pauni 10,500. Pauni moja ilikuwa senti 240 za fedha, kwa hiyo mji ambao haukuingiliwa kwa handaki wala kwa ngazi ulihesabu senti zaidi ya milioni mbili na nusu, karibu sehemu moja ya nane ya kodi yote. Sehemu ya jeshi ikarudi Denmaki na mgawo wake. Vyombo arobaini vikabaki na mfalme.